Dawa Inakaa na Mgonjwa

Mwanangu Emiliana,

Tulipokuwa shule ya msingi, mwalimu alitufundisha kuanza barua hivi: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali nami. Tuliandika hivyo hata kwa mtu wa kijiji cha jirani, bila hofu wala mashaka yoyote, ilimradi tupate alama. Leo nimeyaandika maneno hayo nikayakata, maana hauko mbali. Uko chumba cha pili, na ukuta wenyewe ni wa mbao. Umekohoa sasa hivi, mara moja, nami nimeshika kalamu hewani nikisubiri kama utakohoa tena. Hukukohoa. Haya, tuendelee.

Habari za ndoo, soksi, godoro na sabuni mama yako amekwisha kuzisema mpaka umezikariri, na mimi sina la kuongeza. Najua utacheka ukiona baba ameandika. Mimi ni mtu wa mdomo. Kazi yangu ni kuendesha gari na kuongea, kuwaeleza wageni kutwa nzima kwa nini ndani ya Kreta ya Ngorongoro hakuna twiga na kwa nini faru ni mgumu kuonekana, na wakiniuliza nisilolijua nawajibu vilevile. Lakini yapo mambo ambayo nikikutazama usoni mdomo unayakimbia. Ndiyo maana nayaweka hapa, uyasome asubuhi ukinywa chai, kabla hatujatoka kwenda stendi.

Nina hofu, Emi. Nisijifanye. Wasso unakokwenda kusoma si hapo Karatu mjini. Basi litapanda Ngorongoro, litashuka upande wa pili kwenye vumbi, na litakwenda kutwa nzima na wewe ndani yake, na shangazi yako ambaye akishakaa kwenye kiti cha basi analala kama amelipwa kulala. Simu shule imezikataza, na hilo silipingi. Ila siku nilipompigia matroni kumuuliza habari ya pumu yako, alinijibu kwa upole kabisa kwamba dawa zote za wanafunzi zinawekwa kabatini ofisini kwake, na ufunguo anao yeye. Nikamjibu, "Sawa, madamu." Wewe ulikuwa umesimama mlangoni unasikia. Ulinitazama, kisha ukaenda kuwapa kuku maji.

Tangu siku ile hiyo "sawa" imenikaa kooni. Maana mimi na wewe tunajua dawa ikifungiwa na mtu mwingine inakuwaje. Wacha nilisimulie jambo lile toka mwanzo. Unalijua, lakini unalijua kwa upande wako, na wangu sijawahi kukuambia.

Ulikuwa darasa la sita. Ulirudi na karatasi aliyowapa mwalimu, imeandikwa anwani ya tovuti ya masomo ya afya kwa watoto wa umri wenu. Ukanisumbua mpaka nikakubali. Nikayashusha masomo yale kwa intaneti ya lodji, wageni wanakula mchana, nami nimesimama nje ya dirisha kama mwizi, nikayaweka kwenye simu yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Kunawa mikono, meno, usingizi, chakula, hasira, kupumua. Mwalimu wake ni twiga wa kuchora, amevaa koti jeupe. Mimi nikacheka. Nikasema aliyemchora hajawahi kumwona twiga, magoti yamekaa vibaya.

Unakumbuka zile boksi za chakula ninazoleta, wanazoacha wageni? Madereva wote tunafanya hivyo. Mgeni anang'ata keki mara moja, anaacha juisi na biskuti, na sisi tunakusanya, tunaleta nyumbani, watoto wanatukimbilia getini. Kwangu hiyo ilikuwa ndiyo furaha ya siku. Sasa jioni moja nimefika nazo, wewe ukachukua ndizi, keki ukaiweka pembeni, ukasema kwa sauti ya kistaarabu kwamba twiga anasema vitu vitamu ni vya siku mojamoja. Niliumia, mwanangu. Mtu mzima mimi, niliionea wivu katuni. Nikakuambia, "Twiga huyo amekula nini maishani mwake zaidi ya miiba?" Bibi yako akacheka mpaka akashika ukuta. Wewe ulicheka kidogo, kwa ajili yetu.

Kwa hiyo ulipokuja na la pampu nilikuwa nimekwisha kukasirika na mnyama yule. Pampu yako ya bluu, ile ya kuvuta dawa, ulipewa hospitali ukiwa bado mdogo, na mimi ndiye niliyeitunza. Niliiweka kwenye droo ya dashibodi ya gari, nikifika nyumbani naingia nayo, nakusikiliza kifua, naamua mwenyewe kama unastahili kuvuta au unajiendekeza. Sababu ni kwamba madereva wenzangu walinieleza, tumekaa kwenye kivuli cha magari tukisubiri wageni, kwamba pampu inazoesha. Kwamba mtoto akiizoea mapafu yanakuwa mavivu. Hapakuwa na daktari kati yetu, hata muuza duka la dawa hapakuwa. Lakini maneno yale nilipenda yalivyosikika, nikayachukua kama yalivyo.

Wewe ukaja na simu mkononi, ukaniambia, "Baba, twiga anasema dawa inakaa na mgonjwa."

Nikakujibu, "Twiga huyo ndiye aliyekuzaa?"

Ukasema, "Hapana, baba." Ukarudi ndani.

Haukupita muda mrefu. Ilikuwa kiangazi, watu wanapura maharage, na kijiji chetu cha Qurus kizima vumbi limetanda. Mama yako alikuwa Mbulumbulu kwao, anawasaidia kuvuna. Nyumbani ulibaki na bibi. Mimi nilikuwa chini Kreta na wageni wawili, mtu na mkewe, wazee, na siku hiyo tulikuwa tumebahatika kumwona faru. Yuko mbali, lakini yupo. Si unajua sheria yangu, faru akionekana hakuna kuongea, hakuna kutikisa gari. Simu ikatetemeka mfukoni. Nikaiacha. Ikatetemeka tena, nikaiacha tena, nikajisemea watu wa nyumbani hawana adabu na kazi za watu. Mara ya tatu nikaipokea kwa hasira. Alikuwa Safari, jirani yetu mwenye pikipiki. Akasema, "Kaka, Emi hapumui vizuri. Bibi anauliza dawa iko wapi."

Nikanyoosha mkono kwenye droo. Ilikuwa humo.

Sijui nikuelezeje. Kule chini barabara ya kushukia ni moja na ya kupandia ni nyingine, huwezi kugeuza tu ukarudi ulikotoka. Lazima uvuke mpaka msituni, upande ukingo wote, ufike getini, ndipo uitafute Karatu. Njia ile nimeipita maisha yangu yote ya kazi na nimewaambia wageni ni nzuri kuliko zote duniani. Siku ile niliichukia kila kona yake. Yule mama wa Kizungu aliuliza kuna nini, nikamwambia mtoto wangu, akanipiga bega akasema niende. Niliendesha na pampu mkononi, nimeibana kwenye usukani. Ingekuwa na faida gani mkononi mwangu mimi? Lakini sikuweza kuiachia.

Ya nyumbani nilisimuliwa baadaye na Safari. Alisema bibi alikuwa amewasha moto jikoni, amechemsha majani ya mkaratusi, na amekuandalia blanketi akufukize, kama alivyotufukiza sisi watoto wake wote. Mkono wa bibi yako unaujua. Hakuna katika ukoo wetu aliyewahi kuusukuma. Wewe uliusukuma. Uliondoa lile blanketi kichwani, ukatoka kwenye moshi ukikokota miguu, ukakaa nje juu ya ndoo iliyogeuzwa, mgongo wima, viwiko juu ya magoti, ukawa unapuliza pumzi polepole kama mtu anayepoza uji. Bibi anakuita urudi ulale, wewe unatikisa kichwa. Huwezi kusema neno. Ukamwonyesha Safari simu, somo la kupumua, twiga amekaa hivyohivyo kwenye kigoda, na chini yake maandishi: usimlaze, mtoe kwenye moshi, mpeleke kituo cha afya. Safari alisoma, akakupakia mbele yake ukiwa umekaa wima, akaondoka.

Nilipofika hospitali ulikuwa umewekewa kinyago cha dawa puani, macho yako mekundu. Nesi alikuwa msichana mdogo, nafikiri ndiyo kwanza ameanza kazi. Akaniuliza, "Pampu ya mtoto iko wapi?" Nikaitoa mfukoni mwa shati, na watu wote wa chumba kile wakaiona. Akaitazama, akanitazama. Akasema, wala hakupaza sauti, "Baba, kwani mgonjwa ni wewe?"

Hilo unalijua, ulikuwepo. Usilolijua ni kwamba nilitoka nikakaa ndani ya gari, nikafunga vioo, nikalia mpaka mlinzi akagonga.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Pampu ulipewa ukae nayo tangu siku ile, na masomo yote ya twiga tulikaa tukayatazama pamoja, mimi na wewe na mama yako, mpaka bibi naye akawa anamuulizia yule daktari mwenye shingo. Ninyi wote mliona yamekwisha. Lakini umesahau, au unajifanya umesahau, kilichotokea jioni uliporudi kutoka hospitali. Bibi alikuwa amenuna. Aliniambia kwa Kiiraqw, bila kukutazama, kwamba mjukuu wake amemsukuma mkono mbele ya mtu baki. Na mimi, badala ya kumweleza mama yangu, nilikuita. Nikakuambia upige magoti umwombe bibi samahani.

Ulikuwa hata sauti hujapata sawasawa. Ulipiga magoti, ukasema, "Bibi, nisamehe, sitarudia."

Sitarudia. Neno hilo, mwanangu, ndilo linaloniamsha usiku mara kwa mara tangu jina lako lilipotokea kwenye orodha ya waliochaguliwa kwenda Wasso. Kwa sababu najua wewe ni mtoto wa kutimiza. Ukisema hutarudia, hurudii. Na kesho unakwenda mahali ambapo kila mtu mzima utakayekutana naye ana haki ya kukuambia kaa, simama, leta hiyo dawa ofisini. Nikikuwazia bwenini, kifua kimebana, matroni amekwenda zake kanisani na ufunguo, na wewe umekaa kitandani kwa adabu unamsubiri arudi, nashindwa kuendelea kuandika.

Kwa hiyo ile samahani naiondoa. Haikuwa yako. Ilikuwa yangu, nami nimekwisha kuipeleka kwa mwenyewe. Juzi nilimkalisha bibi yako nikamwambia kwamba siku ile wewe ulikuwa sahihi, na sisi wawili, mtu na mama yake, ndio tuliokosea. Akasema, "Mimi nilijua. Nilikuwa nakusubiri wewe." Karanga utakazozikuta sandukuni amekaanga yeye, na ameniamuru nikuambie hazina chumvi nyingi, daktari mwenye shingo asije akalalamika.

Leo mchana nimempigia matroni tena. Nimemweleza yote, hata la nesi. Alisikiliza, kisha akasema, "Baba Emi, sheria hii sikuitunga mimi. Mtoto akifika nitazungumza naye." Hakukubali, hakukataa. Bila shaka ni mama mwema na ana watoto wa watu wengi wa kuangalia. Cheti cha daktari kinachosema utembee na pampu muda wote nimekiweka juu ya nguo. Lakini karatasi haina mdomo. Atakayezungumza ni wewe. Nilikufundisha kuamkia, na watu wa Qurus wote wanakusifu kwa kuamkia. Kukataa sikukufundisha, ulijifunza mwenyewe juu ya ile ndoo. Basi mwamkie, mpe shikamoo yake nzima, kisha mwambie hapana. Mwambie dawa inakaa na mgonjwa. Akikuuliza nani kasema, usimtaje twiga, watakucheka. Sema baba yangu.

Na akikasirika, akasirike. Akikurudisha nyumbani, nitakuja kukuchukua, na hakuna atakayekugombeza hapa.

Utasikia mengi huko, na simu hutakuwa nayo ya kumuuliza mtu. Watoto watasema pumu inaambukiza, watasema fulani alikunywa kitu fulani akapona moja kwa moja. Usidhani nawacheka. Mwaka jana, baada ya yote hayo, si nilikuonyesha mimi video ya yule bwana aliyesema tutupe pampu zote baharini, tunywe unga wake? Na mimi nilikuwa nimekwisha kuuagiza. Nilimwamini kwa sababu alivaa koti jeupe na watu wengi walikuwa wamemsifia. Ukaniuliza, "Baba, huyu ni nani, na anauza nini?" Nikasema naye twiga wako amevaa koti jeupe. Ukasema, "Twiga hauzi kitu, na mwisho wa somo wanaandika madaktari waliolipitia." Nilisonya, nikatoka nje. Baadaye nikapiga simu nikaughairi ule unga, sikukuambia. Basi leo nakuambia. Swali lile endelea kuliuliza, hata kwa watu wenye makoti, hata kwangu.

Hapa nimesimama kidogo, nimekwenda kukagua sanduku lako.

Nimerudi. Pampu haikuwemo. Nilikuwa nimehakikisha jioni kwamba imo, nimeitikisa mwenyewe sikioni kusikia kama dawa bado ipo. Nimetoa nguo zote, nimemwaga karanga za bibi sakafuni, nimemwamsha mama yako, nimemuuliza kwa ukali kama amekwenda kuificha mahali asipoambiwa. Yeye akakaa kitandani akanitazama na taa ya simu. Akasema taratibu, "Baba Emi, hebu shika mfuko wa shati lako."

Ilikuwa humo. Baada ya kuitikisa sikuirudisha sandukuni. Mkono wenyewe uliiweka mahali ulipozoea kuiweka, na mimi nimekaa hapa nakuandikia barua yote hii, pampu imenilalia kifuani.

Sikuwa na nia mbaya, Emi, na hata siku ile ya Kreta sikuwa na nia mbaya. Nadhani huwa naishika kwa sababu nikiwa nayo mimi naona kama kwamba pumzi yako ninayo mimi, haiwezi kwenda popote bila kuniaga. Ni upuuzi, lakini ndivyo moyo wangu unavyofanya, na sioni dalili kwamba utaacha. Sasa nimeiweka kwenye mfuko nilioushona ndani ya sweta lako la shule, upande wa kushoto. Uzi ni wa kijani kwa sababu ni ule wa kushonea viti vya gari, na mshono wenyewe umepinda. Usimwambie mama yako aufumue.

Ila sijiamini. Kuna kahawa ya asubuhi, kuna kubeba sanduku, kuna kukusindikiza stendi, na mkono huu siujui utafanya nini nikiwa sitazami. Kwa hiyo nakuomba jambo moja tu, na hili si agizo. Kesho, kabla hujapanda basi, mbele ya shangazi yako na kondakta na watu wote wa stendi, nipekue mifuko. Ya shati, ya suruali, ya koti, yote. Nitasimama nimeinua mikono, mpaka umalize.

Baba yako.